Wazo Huja Kazi Ikiwa Mkononi

Kila anayefanya kazi ya mikono ameshaulizwa swali hili, na wengi wetu tumezoea kulijibu haraka ili maongezi yaendelee: mawazo yako unayatoa wapi? Mfumaji atasema anayatoa kwenye rangi za machweo. Mchongaji atasema kwa wazee waliomtangulia. Mtunga shanga atasema moyoni. Mimi ni mfinyanzi kwa muda mrefu sasa, na majibu hayo yote nimeshayatoa. Yana ukweli ndani yake, maana machweo yapo, wazee wapo na moyo upo. Tatizo ni kwamba yanaishia mlangoni. Hayamwelezi muulizaji kwa nini watu mia watazame machweo yaleyale, halafu mmoja tu aamke asubuhi na kufuma kitu ambacho hakijawahi kufumwa.

Ninachoamini ni kwamba ilhamu ya fundi, kwa sehemu kubwa, haimtangulii kazini. Inamkuta hukohuko. Inatoka kwenye mali anayoishika, jinsi inavyomkatalia na jinsi inavyomkubalia, na inatoka kwenye kazi aliyoimaliza kabla ya hii. Nitaanza na wafinyanzi, maana mambo yao nayajua kwa vidole vyangu.

Maria Martinez alikuwa mfinyanzi wa Kitewa, moja ya jamii za wenyeji asilia wa Marekani, katika kijiji cha San Ildefonso, jimbo la New Mexico. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanaakiolojia walikuwa wakichimbua magofu ya mababu wa jamii za eneo hilo, na Edgar Lee Hewett, aliyeongoza uchimbaji, akamwomba Maria afinyange vyombo vizima kwa kufuata vigae vilivyofukuliwa. Itafakari kazi hiyo. Unapewa kigae kinachoenea kiganjani, unaambiwa urudishe mtungi. Kigae kitakuonyesha unene wa ukuta, mpindo wake, rangi na ulaini wake. Mengine yote utayatafuta mwenyewe. Maria na mumewe Julian, ambaye ndiye aliyekuwa akichora nakshi, walijaribu na kurudia, na katika kuhangaika na moto wakafika mahali ambapo hakuna kigae kilichowaelekeza: chungu cheusi kinachong'aa, na juu yake nakshi nyeusi isiyong'aa. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 1919, na mpaka leo kazi za namna hiyo ndizo zinazotambulisha jina la San Ildefonso duniani.

Weusi ule hautokani na rangi ya kupaka. Udongo wao unaiva mwekundu kwa sababu una chuma ndani yake. Vyombo vikiwa motoni, waliufunika moto kwa samadi kavu iliyosagwa. Hewa ikakosekana, moshi ukajaa, na mabadiliko ya kile chuma pamoja na kaboni ya moshi yakakifanya chombo kizima kuwa cheusi. Pale palipokuwa pamesuguliwa kwa jiwe pakang'aa. Pale Julian alipopaka uji wa udongo juu ya msuguo pakabaki pamefifia. Uzuri wote wa kazi ile umo kwenye tofauti ya ngozi mbili za chombo kimoja, na sioni ni kwa njia gani mtu angeufikia akiwa amekaa kitini na kalamu. Ulifikiwa na watu waliosugua, wakapaka, wakachoma, wakatazama kilichotoka, wakaanza tena.

Wakati wa kusugua nataka niueleze vizuri, kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi. Ni mfupi. Udongo ukiwa bado na maji mengi, jiwe linauchimba. Ukishakauka kabisa, jiwe linakwaruza tu na kuacha michirizi ya vumbi. Katikati pana muda ambapo udongo hauachi alama ukiubonyeza kwa kidole, ila ukiugusisha shavuni bado ni wa baridi. Hapo unachukua kokoto laini ya mtoni, unaizungusha kidogo kidogo kwenye ubavu wa chombo, na mwanzoni huoni kitu. Kisha sauti inabadilika. Mkwaruzo unakuwa mtelezo, na chini ya kokoto panatokea alama ya mng'ao isiyozidi ukucha. Chembe za udongo ni bapa, na jiwe linazilaza upande mmoja mpaka zinarudisha mwanga. Unahama, unapanua alama ile, unakwenda hivyo hadi umezunguka chombo chote. Ukikiacha uende kula, ukirudi umechelewa. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji walikuwa wanazungumzia malezi ya watoto, lakini mfinyanzi akiisikia methali hiyo anainuka kwenda kutazama vyombo vyake.

Katika kusugua kule mkono unapita kila mahali, bila kuruka hata sehemu moja. Na hapo ndipo unapogundua kwamba bega la mtungi limejaa zaidi upande mmoja, au kwamba chini ya shingo pana bonde dogo ambalo jicho halikuliona. Chombo hiki kimeshafika mwisho, huwezi kukibadilisha tena. Lakini mkono umeshapata swali lake: vipi kama lile bega lingeachiwa lijae zaidi, kwa makusudi, na shingo iegemee upande wa pili ili kulipa nafasi? Karibu kila umbo ninalolipenda katika kazi zangu lilianza na swali la namna hiyo, lililoachwa na chombo kilichotangulia.

Ndiyo maana safari ya mfinyanzi Magdalene Odundo inanigusa sana. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaanza na sanaa ya michoro ya matangazo, akahamia Uingereza mwaka 1971, na huko ndiko alikogeukia udongo. Mwaka 1974 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, katika mji ambao siku hizi unaitwa Suleja. Huko aliwakuta wanawake wa Kigwari wakijenga mitungi mikubwa bila gurudumu, akiwemo Ladi Kwali. Mjenzi wa mtungi wa namna hiyo huanza na bonge la udongo, akaliponda katikati kwa ngumi, akavuta kuta kwenda juu, kisha akaongeza vipande virefu vilivyoviringishwa, kimoja juu ya kingine. Chombo kimetulia mahali pake. Anayezunguka ni mfinyanzi mwenyewe, akirudi kinyumenyume hatua kwa hatua, mkono mmoja ndani na mmoja nje. Mviringo wa mtungi unatokana na mwendo wa miguu yake. Baadaye Odundo alifika pia San Ildefonso akajionea vile vyombo vyeusi vya kwao Maria.

Ukitazama kazi za Odundo leo, zote hizo zimo, na hakuna hata moja iliyonakiliwa. Anajenga kwa mkono, anakwangua kuta kwa kipande cha kibuyu, anasugua kwa jiwe, anapaka uji laini wa udongo, anasugua tena. Mchomo wa kwanza, wenye hewa ya kutosha, unatoa rangi ya chungwa iliyoiva. Anachotaka kiwe cheusi anakirudisha motoni kwa mara nyingine, kimefungiwa pamoja na vipande vya mbao ili moshi ufanye kazi yake. Shingo za vyombo vyake zinapanda na kufunguka, matumbo yanajaa, na kuna vitoneo vidogo vilivyochomoza kwenye ubavu ambavyo kila ninapoviona natamani kuvigusa. Watu wanasema anavutwa na mwili wa binadamu, naye hajakataa. Nami nakubali, ila naongeza jambo moja: mwili huo aliukuta ukiwa tayari umo ndani ya mbinu. Ukijenga chombo kwa kukizunguka, ukikikumbatia mkono mmoja ndani na mwingine nje, unajifunza tumbo na bega na shingo kabla hujaamua kumchora mtu yeyote.

Niseme kidogo kuhusu Ladi Kwali mwenyewe, maana anatajwa mara nyingi kama kituo cha kupitia kwenye hadithi za watu wengine. Alifundishwa kufinyanga na shangazi yake. Mitungi yake ilikuwa kwenye kasri la Amiri wa Abuja, na Cardew aliiona huko kabla hajamfahamu aliyeitengeneza. Alijiunga na kituo mwaka 1954, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Alichora mijusi, nge, nyoka na samaki kwa kuchanja udongo mbichi. Kwenye kituo kile mitungi yake ilianza kupakwa maji ya madini ambayo moto mkali huyageuza kuwa kioo, na hapo kazi ikabadilika kutoka ndani. Mtungi wa kawaida wa maji hupitisha unyevu kidogo kidogo kwenye kuta zake, unyevu huo unakauka kwa nje, na ndiyo sababu maji hubaki ya baridi. Mtungi uliofunikwa kwa kioo haupitishi kitu. Ladi Kwali aliendelea kujenga umbo lilelile, lakini sasa mstari uliochanjwa ulijazwa udongo mweupe na kuonekana chini ya kijani kilichotulia. Mali ngeni ilimletea maamuzi mapya juu ya kina cha mchanjo, upana wa mstari, na nafasi ya kuachwa wazi. Picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20.

Pana dhuluma hapa ambayo inaniuma. Fundi aliyesoma chuo cha sanaa akitengeneza kitu kizuri, tunaulizana alikuwa na maono gani. Mwanamke aliyejifunza kwa shangazi akitengeneza kitu kizuri, tunasema anaendeleza mila. Nenda kwenye makumbusho yoyote makubwa, soma vibao vilivyowekwa chini ya vyungu na vikapu vya zamani: limo jina la kabila, limo jina la aliyevikusanya, na mahali pa jina la fundi ni patupu. Maria alianza kutia jina lake chini ya vyombo katika miaka ya 1920, na kwa watu wa ufundi wake halikuwa jambo la kawaida. Jamii haifinyangi mtungi. Kuna mtu mmoja, siku fulani, aliyeamua shingo iishie hapa wala si pale. Mila ilimpa njia kumi na mbili za kuanza, na kuamua ilikuwa kazi yake. Ukimnyima jina unamnyima pia swali la ilhamu, unamgeuza kuwa bomba ambalo utamaduni umepita ndani yake.

Waliolivunja wazo hilo kwa nguvu zaidi ni wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na kona ya mto Alabama, kusini mwa Marekani. Wengi wao ni vizazi vya Waafrika waliotumikishwa utumwani kwenye shamba la Pettway, na jina hilo la mwenye shamba ndilo walilobaki nalo. Kwa vizazi kadhaa wameshona blanketi za viraka kwa kutumia kilichopatikana: magunia ya mbolea, mashati, suruali za shambani. Mwaka 2002 blanketi hizo zilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ilizitolea stempu. Watazamaji walizilinganisha na michoro mikubwa ya kisasa, wakashangaa mistari ile mipana na rangi zile zilizopishana kwa ujasiri zilitoka wapi.

Zilitoka kwenye suruali. Nguo iliyovaliwa shambani miaka mingi haifi rangi sawasawa. Magoti yanapauka kwanza. Ukibandua kiraka au mfuko wa nyuma, chini yake panabaki mraba wa buluu nzito, kama siku ilipotoka dukani, umezungukwa na buluu iliyoliwa na jua. Mshonaji wa Gee's Bend hakuuficha mraba ule. Aliuweka ulipostahili kukaa, akaufanya uongoze jicho. Vivuli ambavyo mchoraji angetumia siku nzima kuvichanganya, yeye alivikuta vimeshachanganywa na kazi ya mtu anayemfahamu.

Mwaka 1942 Missouri Pettway, mshonaji wa hapo, alikuwa akimwomboleza mumewe. Binti yake, Arlonzia, alikuja kusimulia jinsi mama yake alivyozichukua nguo za kazi za marehemu na kuzishona blanketi, ili amkumbuke na ajifunike upendo wake. Nikiisoma habari hiyo nakaa kimya kwanza, ndipo nirudi kwenye yale ya ufundi, maana yapo. Nguo zilikuwa chache na zilikuwa zile tu. Asingeweza kuongeza rangi fulani kwa kuwa inapendeza, wala kuondoa kipande kwa kuwa kimechakaa. Urefu wa mguu wa suruali ndio uliokuwa urefu wa mstari wake. Huzuni ilimwambia ashone. Nguo zenyewe zikamwambia ashone vipi. Tunapozungumza juu ya kinachowasukuma mafundi tunapenda kusimama kwenye huzuni, tunaiacha nusu ya pili, na mimi naona nusu ya pili ndiyo inayotofautisha kilio na kazi.

Miaka 30 baadaye kijiji hichohicho kilipata somo lingine la mali. Ushirika wa kushona ulioanzishwa eneo hilo mwaka 1966 ulipata mkataba na kampuni ya maduka ya Sears, mwaka 1972, wa kushona foronya za mito kwa kitambaa cha kodrai, kile kinene chenye mistari iliyoinuka. Mabaki yalienda majumbani. Kodrai ni ngumu, haipendi kukatwa vipande vidogo na haikunjiki kirahisi kwenye mshono. Kwa hiyo blanketi zilizotokana nayo zina maumbo makubwa, yaliyonyooka, ya dhahabu na kijani na kahawia, na ukikaribia unaona mistari ya kitambaa imepangwa mingine wima na mingine kulala ili mwanga uipige tofauti. Nia ya mshonaji na ukaidi wa kitambaa vimekutana hapo, wala sitaki kuvitenganisha.

Mfumaji Anni Albers aliifanya hali hii kuwa somo la darasani. Alipoingia Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu nchini Ujerumani, mwaka 1922 hakuwa na hamu na nyuzi. Alipelekwa kwenye ufumaji kama wanawake wengine wengi wa shule ile. Kazi yake ya kuhitimu ilikuwa kitambaa cha ukuta kwa ajili ya ukumbi wa shule moja mjini Bernau: upande mmoja kinameza mwangwi, na upande wa pili kina selofeni, ile karatasi angavu, inayorudisha mwanga. Alipohamia Marekani mwaka 1933 akafundisha chuo cha Black Mountain College, wanafunzi wake walijifunza kwa kupanga punje za mahindi, majani na karatasi zilizosokotwa, wapate kwanza kuzoea mguso kabla ya kukimbilia uzi. Baada ya kuona hazina ya mapambo ya kale iliyofukuliwa kwenye magofu ya Monte Albán kule Mexico, yeye na mwanafunzi wake Alex Reed walianza kutengeneza mapambo ya shingoni kwa vibanio vya karatasi na kichujio cha sinki. Walichojifunza kwa mafundi wa kale wa Mexico ni uhuru wa kuweka dhahabu na kombe na mfupa pamoja, kila kimoja kikithaminiwa kwa umbo lake. Mwaka 1949 alikuwa mfumaji wa kwanza kupewa maonyesho yake peke yake katika jumba la sanaa ya kisasa la New York.

El Anatsui, mchongaji Mghana aliyeishi na kufundisha Nsukka, Nigeria, alikuta mfuko wa vizibo vya chupa umetupwa, akaubeba. Vilikaa karakanani kwa muda kabla hajavipiga bapa na kuviunga kwa waya wa shaba, na ndipo ikaonekana kwamba bati linaweza kujikunja na kuning'inia mithili ya nguo. Ule muda wa kukaa karakanani naupenda kuliko sehemu nyingine zote za habari hiyo.

Najua pingamizi litakalokuja: leo simu imejaa picha za kazi nzuri kutoka kila pembe ya dunia, kwa hiyo ilhamu ingepaswa kuwa tele. Mimi naona picha zinatunyima kitu. Picha haina uzito. Haikuambii kwamba ukingo wa bakuli ni mwembamba kiasi cha kuutia mdomo hofu, wala kwamba kikapu kinatoa harufu ya majani yake hata baada ya mwaka. Anayejifunza kwa picha anajifunza sura ya jambo lililokwisha. Ndiyo maana kazi nyingi zinafanana siku hizi, zina rangi zilezile na maumbo yaleyale, zimetengenezwa na watu wasiojuana. Silaumu kutazama. Odundo alitazama sana, ila alitazama akiwa ameshika udongo, pamoja na wanaoushika.

Na kurudia hakupaswi kuogopwa. Hamada Shoji, mfinyanzi wa Mashiko nchini Japani, alichukua umbo la muwa aliouona Okinawa, akalichora kwenye vyombo vyake kwa miaka na miaka, hadi alipofariki mwaka 1978. Ni mipigo michache ya brashi, shina na majani yake. Vitazame vyombo viwili vya miaka tofauti na utaona mstari umelegea hapa, umekaza pale, wino umekauka kabla ya ncha. Mtu asiyefanya kazi hii atadhani alikosa wazo jipya. Mimi nadhani alikuwa bado hajamaliza lile moja, na alikuwa na bahati ya kulijua.

Kwa hiyo siku hizi nikikutana na fundi simwulizi mawazo anayatoa wapi. Namwuliza kazi ya kabla ya hii ilimwachia nini. Mara nyingi uso unabadilika, anavuta kiti, na tunazungumza kwa saa nzima juu ya uzi uliokuwa ukikatika au mbao iliyokuwa na fundo mahali pabaya. Jibu langu mwenyewe, kwa sasa, ni shingo. Mtungi niliouchoma mwisho una shingo inayoanza kufunguka mapema mno, na nimeukanda udongo mwingine wenye mchanga zaidi ili niipandishe kidogo kabla haijaanza kulala nje. Mchanga utanisumbua wakati wa kusugua, kokoto itakuwa inaichomoa chembe moja moja. Nimefikiria kupaka uji wa udongo mara mbili juu yake, au kuacha shingo isisuguliwe kabisa na kung'arisha tumbo peke yake. Navutwa na hili la pili zaidi.